Kifuniko hakifungi, bitana inabanduka: kutafuta chanzo kwenye kisanduku cha mbao

Kisanduku kinapogoma kufunga, wa kwanza kusingiziwa ni bawaba. Bisibisi inashikwa, skrubu inakazwa, inalegezwa, bamba la bawaba linasogezwa huku na huku, na mwishowe matundu ya skrubu yameshapanuka ilhali kifuniko bado kinacheka mbele kama kiatu kilichoachia soli. Bawaba ina makosa yake na nitayataja. Lakini visanduku vingi vinavyorudi kwa fundi hapa Dar es Salaam vina tatizo la mbao au la bitana, kile kitambaa kinachovishwa ndani. Tatizo hilo huonekana tu kwenye bawaba.

Kwa hiyo kabla ya lolote, fungua skrubu zote uzitoe bawaba, kisha weka kifuniko juu ya sanduku kwa mkono. Chukua ukanda wa karatasi nyembamba, risiti ya dukani inatosha. Ubane kati ya kifuniko na ukingo wa sanduku, halafu uvute taratibu. Zunguka pande zote nne. Panapokataa kutoka pamegusana, panapoteleza pana uwazi. Ukimaliza toa bitana kama inatoka, urudie upya.

Majibu ni matatu. Kama kifuniko kinakaa vizuri bila bawaba huku bitana ikiwa ndani, kosa ni la bawaba au la jinsi ulivyozifunga. Kama kinakaa baada tu ya kutoa bitana, bitana ni nene au imepanda ukingoni. Na kama hakikai hata baada ya kutoa vyote viwili, hiyo ni mbao, na hakuna bawaba duniani itakayoinyoosha.

Kinayumba hata bila bawaba

Laza kifuniko juu ya kipande cha kioo, au juu ya kigae cha sakafuni ambacho una hakika kiko sawa. Bonyeza kona moja. Kona ya mshazari ikiinuka, kifuniko kimejipinda. Kikiyumba kwa upana wake wote, kimejikunja kama mgongo wa ndizi au kinyume chake. Fanya hivyohivyo na ukingo wa sanduku, kwa sababu mara nyingine kifuniko hakina kosa na sanduku ndilo lililoinua kona.

Chanzo ni unyevu. Mbao hunywa na kutoa unyevu hadi ilingane na hewa inayoizunguka. Hewa yetu ya pwani ina unyevu mwingi karibu mwaka mzima, na mbao iliyokaa kivulini hapa mjini hutulia ikiwa na maji kiasi cha asilimia 14 hivi ya uzito wake mkavu. Ofisi yenye kiyoyozi kinachovuma kutwa inaweza kuishusha mbao hiyohiyo hadi asilimia 10 au chini. Hivyo kisanduku kilichoungwa Keko mwezi Aprili, masika imekolea, kikaenda kukaa kwenye meza ya ofisi kule Posta, lazima kisinyae. Kupelekwa Dodoma wakati wa kiangazi ni mtihani mkubwa zaidi. Mbao kusinyaa si kosa la fundi. Kosa linakuja pale inaposinyaa upande mmoja kuliko mwingine.

Na hilo tunalifanya wenyewe. Nje ya kifuniko inapigwa vanishi mara tatu hadi inang'aa. Ndani inaachwa kavu kwa sababu "itafunikwa na kitambaa". Upande wa ndani unabaki wazi, unanywa na kutoa unyevu upesi, na upande wa nje umezibwa. Kifuniko hakina njia ila kujikunja. Paka ndani pia, walau mkono mmoja wa sila nyepesi, ile rangi ya kuziba vinyweleo vya mbao, hata kama hakuna atakayeuona. Kama ulikusudia kubandika bitana kwa gundi moja kwa moja juu ya mbao utaniuliza itashika vipi kwenye sila. Jibu liko chini, kwenye habari ya kadi.

Namna ubao ulivyopasuliwa nayo ina neno. Mbao husogea zaidi kwa kufuata duara za mti, karibu mara mbili ya inavyosogea kutoka moyoni kwenda kwenye gome, na kwa urefu haisogei kiasi cha kukusumbua. Tazama kichwa cha ubao. Ukiona mistari ya pete imelala na kupinda kama tabasamu, ubao huo utajikunja. Mistari ikiwa imesimama wima, umepata ubao wa kifuniko. Mninga ni mpole katika mambo haya, ni miongoni mwa mbao zinazosogea kidogo sana zikishakauka. Paini iliyoshuka juzi kutoka Iringa, bado nzito na yenye ubaridi mkononi, haina adabu hiyo. Ukiitumia, ipange ndani ya chumba ikiwa na vijiti katikati ya ubao na ubao kwa wiki kadhaa kabla ya kuikata.

Tiba inategemea ukubwa wa kosa. Likiwa chini ya milimita moja, gundisha msasa namba 120 juu ya kioo na usugue ukingo wa sanduku kwa mwendo wa duara. Kisha geukia kifuniko. Piga penseli ukingoni kote kabla ya kuanza. Alama zikifutika zote, umefika. Likizidi hapo, tengeneza kifuniko kingine. Ile mbinu ya kulowesha ubao na kuubebesha tofali inanyoosha kwa siku chache. Mteja akifika nao nyumbani, unarudi ulivyokuwa.

Nyuma kimekaa, mbele kinainuka

Hii ndiyo dalili inayoleta ugomvi zaidi, nami nitakaa hapa kidogo. Unabonyeza kifuniko mbele, kinashuka; unaachia, kinaruka juu. Kuna kitu upande wa nyuma kinachogusana mapema mno, na bawaba inageuka kuwa springi.

Usikisie. Chukua penseli laini, paka risasi yake kwenye vichwa vya skrubu, kwenye mabamba ya upande wa kifuniko na kwenye ukingo wa nyuma wa kifuniko, kisha funga na ubonyeze. Fungua uangalie risasi imehamia wapi upande wa pili.

Ikiwa imehamia kwenye vichwa vya skrubu, vichwa vinagongana. Hutokea pale skrubu ina kichwa kikubwa kuliko tundu la bamba, au pale ilipoingia ikiwa imelala upande. Usiikaze zaidi. Panua mdomo wa tundu la bamba kwa biti kubwa ukiizungusha kwa mkono, au tafuta skrubu ya kichwa kidogo.

Ikiwa risasi imehamia kwenye mbao ya ukingo wa nyuma, vishimo vya mabamba, yaani vile vilivyochimbwa kwenye mbao ili mabamba yalale ndani, vina kina kupita kiasi. Hapa hesabu ni rahisi na inafaa ikae kichwani. Pima unene wa kifundo, ile sehemu ya duara inayobeba pini. Gawa kwa mbili. Hicho ndicho kina cha kila kishimo, kimoja kwenye sanduku na kingine kwenye kifuniko. Kifundo cha milimita 5 kinataka vishimo vya milimita 2.5 kila upande. Wengi huchimba kwa kufuata unene wa bamba peke yake, wakapata uwazi nyuma. Wengine, kwa kuogopa uwazi huo, huchimba milimita 3 kila upande. Mbao za nyuma zinagusana kabla bawaba haijamaliza kufunga, na mbele inainuka. Kadiri sanduku linavyokuwa pana kutoka nyuma hadi mbele, ndivyo kosa dogo la nyuma linavyokuwa kubwa mbele.

Tiba ni kuinua bamba. Kata manila au boksi la biskuti kwa ukubwa uleule wa bamba, liweke chini yake bila gundi, funga skrubu moja tu, jaribu. Ongeza kipande cha pili ikihitajika. Ukiridhika ndipo ugundishe. Fundi mwenye kiburi atasema kadi ni uchafu. Kadi iliyofichwa chini ya bamba haionekani, na inashikilia miaka mingi.

Ikiwa risasi imehamia ukingo mmoja tu wa bamba, kishimo kina mteremko. Patasi ilizama zaidi ndani kuliko nje, na mabamba hayalingani yakifunga. Safisha kishimo kwa patasi kali iliyolazwa ubavu, au weka kadi nyembamba upande uliozama. Na kabla ya yote kagua kona za kishimo: tone la gundi lililokauka au unyoya wa mbao uliosalia pale hutosha kabisa kuinua bamba.

Kuna chanzo kingine ambacho wewe huna mkono ndani yake. Bawaba za bei rahisi mara nyingi hazifungi sambamba. Kabla ya kulipa, ziwe za Kariakoo au za duka la mtaani kwako, ikunje kila moja kwa vidole na uitazame kwa ubavu dhidi ya mwanga. Mabamba yakikutana kwenye ncha na kuacha nafasi kwenye kifundo, au kinyume chake, rudisha uchague nyingine. Chagua mbili zinazofanana, maana pakiti moja huweza kuwa na bawaba zenye vifundo vya unene tofauti.

Mbele kimegusa, nyuma kuna uwazi

Vishimo havina kina cha kutosha. Chimba. Chimba kidogo kidogo kwenye kifuniko na kwenye sanduku kwa kupokezana, ukipima kwa mahati, kile kifaa cha kuchorea mstari sambamba na ukingo. Kama huna, funga bawaba yenyewe kwa kamba kwenye kipande cha mbao na uchore kwa kufuata ukingo wake.

Kimehama upande, au kinajinyonga kikifunguliwa

Pini za bawaba mbili lazima zikae kwenye mstari mmoja ulionyooka. Zisipokaa, kila bawaba inataka kuzungushia kifuniko mahali pake, na skrubu ndizo zinazolipa. Laza rula ya chuma juu ya vifundo vyote viwili, kifuniko kikiwa kimefungwa. Rula ikiyumba au ikionyesha mwanga, umempata mwizi.

Mara nyingi kosa ni la tundu la skrubu. Tundu likitobolewa nusu milimita nje ya kitovu, skrubu ikizama inavuta bamba lote kuelekea huko. Kwa hiyo tunaanza na skrubu moja tu kwenye kila bamba, ile ya katikati, kisha tunafunga na kufungua kifuniko, na kama kimehama, bado kuna matundu mengine ya kusahihishia. Kuanzisha tundu tumia msharasi wa fundi viatu. Ncha yake inakaa pale ulipoiweka, wakati biti ya drili hutambaa juu ya mbao ngumu kabla haijauma.

Matundu yaliyokwisha kuharibika usiyajaze gundi tupu. Chonga kijiti cha mbao ileile, nyuzi zake zikielekea kama za sanduku, kipake gundi nyeupe, kipigie ndani, kikate sawa na uso kikishakauka, ndipo utoboe upya. Njiti ya kiberiti inafaa kwa bawaba ndogo ya sanduku la hereni, si kwa kifuniko kizito.

Kinagoma kufunguka, au kinadondoka nyuma

Mambo mawili yanayotokana na kitu kimoja: kitovu cha pini kiko wapi ukilinganisha na uso wa nyuma wa sanduku. Kikiwa usawa wa uso au nje kidogo, kifuniko kitafunguka hadi kilale nyuma kabisa. Ukikizamisha ndani, kingo za nyuma za kifuniko na sanduku zitagongana mapema. Watu wengine hulifanya hilo kwa makusudi: huzamisha kifundo chote, kisha hukata kingo zote mbili za nyuma kwa mshazari wa nyuzi 45, na kifuniko kinasimama chenyewe kikifika nyuzi 90. Ni kazi nzuri kwa sanduku dogo. Kwa sanduku kubwa la mninga lenye kifuniko kizito usiitegemee, kwani mzigo wote unaangukia kwenye skrubu ndogo. Weka mnyororo mwembamba au utepe imara ubavuni, urefu wake ukiruhusu kifuniko kupita wima kidogo tu ili kisirudi kumwangukia mtu vidoleni.

Sanduku la kikoba lenye tumbuu tatu, vile vitanzi vya kutilia kufuli, na kufuli tatu lina dalili yake: kufuli mbili zinaingia, ya tatu inakataa. Funga kifuniko na kufuli ya katikati kwanza, ndipo uweke alama za tumbuu za pembeni. Ukipima zote tatu kifuniko kikiwa wazi, moja itakusaliti.

Skrubu inakatika, inazunguka bure, inatokeza

Skrubu za shaba ni laini. Ukiziingiza kwenye mninga au mkongo bila tundu la kutosha, shingo inakatika na nusu inabaki ndani. Kwa skrubu ya milimita 3 kwenye mbao ngumu, toboa tundu la milimita 2.5, kwenye paini milimita 2 zinatosha. Ingiza kwanza skrubu ya chuma ya ukubwa uleule ili ikate njia, itoe, ndipo uingize ya shaba. Ipitishe kwenye mshumaa kabla. Sabuni inateleza pia, lakini inavuta unyevu, na kwa skrubu ya chuma hapa pwani hiyo ni kuialika kutu.

Inayozunguka bure imekula nyuzi za mbao. Tumia kijiti nilichokitaja. Ikiwa sanduku ni la MDF, ule ubao wa kiwandani wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi, tatizo litajirudia, kwani ukingo wa MDF hupasuka na haushiki skrubu vizuri. Gundisha ndani kipande cha mbao halisi pale bawaba zitakapokaa. Iliyotokeza upande wa pili ikate na uipige tupa kabla ya bitana, la sivyo itatoboa kitambaa mwezi wa pili.

Kutu, na weusi kuzunguka bawaba

Kwa anayeishi Kigamboni, Msasani au popote hewa ya chumvi inapofika, bawaba ya chuma iliyopakwa rangi ya dhahabu haidumu. Dukani zote ni za njano. Nenda na sumaku ndogo, hata iliyotoka kwenye spika mbovu. Inayonasa ni chuma. Isiyonasa huenda ni shaba, huenda ni madini mengine mepesi yaliyopakwa, kwa hiyo kwaruza kwa tupa nyuma ya bamba: shaba ni njano hadi ndani. Jaribu na skrubu za kwenye pakiti vilevile. Ni kawaida kukuta bawaba ya shaba imeuzwa pamoja na skrubu za chuma, na hizo ndizo zitakazotoa kutu.

Weusi kama wino kwenye mbao kuzunguka skrubu ni jambo jingine. Chuma kikikutana na unyevu na tanini, ile kemikali ya asili iliyomo ndani ya mbao, vinazaa rangi nyeusi. Toa skrubu, sugua doa kwa ndimu, acha kidogo, futa kwa kitambaa chenye maji safi, kausha. Doa changa hupauka, la zamani hubakisha kivuli. Kisha weka shaba.

Bawaba inayolia inataka tone la mafuta ya cherehani kwenye pini, na ufute yanayobaki. Mafuta ya kula huganda na kunasa vumbi, halafu huchuruzika kwenye kitambaa.

Bitana: mambo ya mpangilio kwanza

Nusu ya matatizo ya bitana hayangekuwepo kama kazi ingefuata utaratibu huu: bawaba zifungwe na kujaribiwa mbao ikiwa tupu bila vanishi, zitolewe, sanduku lipigwe msasa na kupakwa ndani na nje, lisubiriwe likauke kweli, bawaba zirudi kwenye matundu yaleyale, bitana iwe ya mwisho. Anayeweka velveti kwanza ndipo achimbe vishimo atapata vumbi la mbao kwenye manyoya ya velveti, na halitoki.

Kukauka kweli nako kuna maana yake. Vanishi ya mafuta wakati wa masika hukauka juu upesi na chini ikabaki laini. Ukifunga kifuniko, kingo zinanata. Ukifungua asubuhi, zinabanduka pamoja na vanishi. Kwenye kingo zinazogusana paka mkono mmoja mwembamba tu, na ukikauka sugua mshumaa.

Madoa ya gundi yamejitokeza juu ya kitambaa

Gundi ilikuwa nyingi, au nyepesi, au imepakwa kwenye kitambaa. Doa la gundi nyeupe kwenye velveti halina dawa ya maana. Ng'oa uanze upya. Na usibandike tena kitambaa kwenye mbao. Bandika kwenye kadi.

Kata manila ngumu kwa kila upande wa ndani. Paka gundi kwenye kingo za nyuma ya kadi peke yake, kunja kitambaa kije nyuma, uso wa mbele usiguse gundi kabisa. Kadi iliyovishwa inasukumwa ndani ya sanduku na kujibana yenyewe. Matone machache ya gundi ya viatu nyuma, au selotepu ya pande mbili, yatamaliza kazi, na hayo hushika hata juu ya sila ukiikwaruza kwa msasa namba 180. Bitana ya namna hii ikichafuka inatolewa kwa kisu bila kuumiza mbao.

Kadi haiingii, au inaingia na kuvimba katikati

Hukutoa unene wa kitambaa. Ndani ya sanduku pakiwa na milimita 200 na velveti ina unene wa milimita 1, kitambaa kinakula milimita 1 kila ncha. Kata kadi ya milimita 197 au 197.5. Kuta za urefu zitangulie, kisha za upana, ambazo kipimo chake unakichukua baada ya zile za kwanza kukaa. Kitako kiwe cha mwisho, na kama unataka kiwe na ulaini, weka sponji nyembamba kati ya kadi na kitambaa. Mabaki ya sponji unayapata kwa mafundi sofa wa Keko kwa bei ya maelewano.

Pembeni kitambaa kikikunjana kona, punguza pembe za kitambaa kabla ya kukunja, ukiacha unene wa kadi mara moja na nusu kutoka kwenye ncha. Ukikata hadi kwenye ncha kabisa, kadi itachungulia.

Bitana inazuia kifuniko

Baadhi ya watu hupenda bitana ya ndani ipande juu ya ukingo kama mdomo, ili kifuniko kikae juu yake. Kwa kifuniko cha kuinua haina shida. Kwa kifuniko cha bawaba, ukingo wa mbele husafiri kwa duara, na kabla ya kufika unakuwa umerudi nyuma kidogo. Sanduku lenye kina cha milimita 80 kutoka nyuma hadi mbele na mdomo wa milimita 10 litahitaji uwazi wa zaidi ya nusu milimita mbele. Punguza mdomo hadi milimita 5, na uwazi unaohitajika hauzidi unene wa karatasi chache. Chonga ncha ya juu ya mdomo kwa mshazari pia.

Rangi mbili kwenye kitambaa kimoja

Velveti ina mwelekeo. Pitisha kiganja: upande mmoja manyoya yanalala na kung'aa, upande mwingine yanasimama na kuwa meusi. Vipande vyote vikatwe mwelekeo mmoja. Piga mshale wa chaki nyuma ya kitambaa kabla ya kukata. Kanga na kitenge kutoka Mtaa wa Uhuru vinapendeza sana ndani ya sanduku, ila fua kwanza. Pamba mpya husinyaa, na rangi isiyoshika hutoka ikikutana na gundi ya maji.

Ukungu, harufu, mende na unga wa njano

Madoa ya ukungu masika yakifika, mara nyingi ni gundi ya uji wa ngano. Ni rahisi na inashika, lakini kuvu na mende wanaipenda kuliko wewe. Tumia gundi nyeupe ya mbao kwa kukunjia kadi. Sanduku liachwe wazi siku moja moja, siku ya jua, wala lisisukumwe kwenye kona ya ukuta wa nje wenye unyevu.

Harufu kali ya thina inatoka kwenye gundi ya viatu au vanishi iliyofungiwa kabla ya kukauka. Acha kifuniko wazi wiki nzima mahali penye upepo. Udi na karafuu vitaifunika tu.

Unga laini wa njano juu ya kitako cha velveti ni kazi ya bungua, mdudu anayetoboa mbao. Kagua kama fundi aliacha ile sehemu nyeupe ya mninga kwenye ubao. Huko ndiko anakokula. Toa bitana, paka dawa ya wadudu wa mbao kwenye mbao tupu, ziba vitundu kwa nta, na uangalie baada ya muda kama unga mpya umedondoka.

Hereni za fedha zimekuwa nyeusi

Mwenye hereni atasema aliuziwa bandia. Huenda ni bitana. Fedha huwa nyeusi inapokutana na mvuke wenye salfa, na kitambaa cha sufu, sponji ya mpira na baadhi ya gundi za mpira hutoa mvuke huo, taratibu, ndani ya sanduku lililofungwa vizuri. Ndiyo, kadiri ulivyofanikiwa kukifunga kifuniko, ndivyo mvuke unavyokosa pa kutokea.

Kabla ya kununua kitambaa cha masanduku kumi, chukua chupa ya jamu yenye kifuniko. Tia kipande cha kitambaa, tone la gundi utakayotumia likiwa limekauka juu ya kadi, pamba yenye unyevu kidogo isiyogusa kitu, na kipande cha fedha kilichong'arishwa. Weka chupa ya pili yenye pamba na fedha peke yake. Ziache mahali penye joto wiki tatu au nne. Fedha ya chupa ya kwanza ikiwa imepoteza mng'ao kuliko ya pili, kitambaa hicho kitafaa sanduku la penseli.